Neno "Run" na Daftari la Paskali

Jambo hili nimelikana mbele ya meneja mmoja, madereva wasiopungua kumi, na mama mmoja muuza nyanya wa soko la Karatu ambaye hata hakuwa ameniuliza. Leo nakiri. Yale matumizi arobaini na mawili ya neno la Kiingereza "run", ambayo wengi wenu mliyakariri darasani kwangu mkaniita bingwa, sikuyapata vitabuni wala chuo kikuu. Niliyakuta kwenye daftari la dereva mmoja aitwaye Paskali, aliyeishia darasa la saba huko Rhotia. Nikayanakili kwa mwandiko mzuri, kisha nikayafundisha miaka kumi na saba kama mali yangu.

Ninyi mnaoanza kazi ya kuongoza wageni nawaandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba neno lenyewe bado litawasumbua. Ya pili mtaiona mkifika mwisho, nami naomba msiruke kurasa kama mlivyokuwa mkiruka mazoezi yangu.

Nilifika Karatu kuwafundisha Kiingereza madereva wa wageni katika chuo kimoja, nikiwa na shahada ya lugha hiyo, viatu vya kisigino na imani kubwa. Viatu vilikwisha wiki ya kwanza kwenye ule udongo mwekundu, ambao mvua ikinyesha haukuachii mguu mpaka umeuomba. Imani ilikwisha siku ya pili ya darasa. Dereva mmoja mwembamba, Sulle, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mgeni wangu jana kasema pua yake ina-run. Inakimbilia wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Nikajibu kwa utulivu wa msomi kwamba mgeni huyo alikosea.

"Na yule aliyesema mke wake ana-run hoteli huko kwao?" akauliza mwingine. "Maana mama mwenyewe ni mnene, hawezi kukimbia hata hatua tatu."

"Wangu mimi alisema rangi ya shati lake ime-run kwenye maji," akadakia wa tatu. "Nikamwambia pole sana, tutaitafuta."

Niliwaambia tutalijadili kesho. Jioni nikafungua kamusi yangu kubwa. Neno lilianza juu ya ukurasa, likashuka, likavuka upande wa pili. Nikafunua, bado "run". Nikafunua tena, bado. Nilifunga kamusi, na kesho yake nikafundisha salamu.

Tazameni ustaarabu wa Kiswahili chetu. Mtu hukimbia, maji hutiririka, injini hunguruma, rangi huchuja, hoteli huendeshwa, mwanasiasa hugombea, mafuta huisha. Kila jambo lina kitenzi chake, lina mlango wake na ufunguo wake. Mwingereza kawachukua wote hao akawapangisha chumba kimoja, halafu anashangaa wewe mpita njia ukishindwa kujua ni nani anayekohoa humo ndani.

Siku hizi nawaona mkimwelekezea mgeni simu ili imtafsiri. Si vibaya. Ila mwaka jana nilimsikia kijana mmoja pale kwenye hoteli za njia ya Ngorongoro. Mgeni alisema kitu, simu ikatoa kwa sauti ya kike yenye adabu: "Ninazo mbio." Kijana akampongeza, akamwonyesha njia nzuri ya kufanyia mazoezi asubuhi. Maskini mgeni alikuwa anahara.

Paskali asingekosea hapo. Alikuwa ameshaandika.

Niwaeleze Paskali ni nani. Alianza kazi kama kibarua wa kuchuma kahawa kwenye shamba moja la mzungu, akawa tanboi, yaani utingo, wa trekta, akawa dereva wa trekta, mwishowe akapewa gari la wageni kwa sababu dereva wake aliugua malaria siku ya safari. Kiingereza alichoondoka nacho siku hiyo ni "yes" na "elephant". Alirudi akasema maneno hayo yalimtosha, kwa kuwa tembo walikuwa wengi. Nilipomfahamu alishaendesha miaka mingi, na kwenye mfuko wa mlango wa gari lake alikuwa na daftari lililonuka dizeli, jalada lake limeshikwa kwa plasta.

Daftari hilo lilikuwa na safu tatu. Ya kwanza ni maneno ya mgeni kama alivyoyasikia. Ya pili ni mgeni alikuwa nani na mikono yake ilikuwa wapi. Ya tatu ni maana. Nawaandikia machache kama yalivyokuwa:

"We are running late." Mzee mrefu, anatazama saa, hakimbii. Maana: tumechelewa, washa gari.

"I have the runs." Binti wa kofia ya njano, kashika tumbo, hatazami mtu usoni. Maana: anahara. Usiulize mara ya pili. Tafuta kichaka, kikague kwanza.

"It runs in the family." Baba na mwanawe, masikio sawasawa. Maana: ni ya ukoo.

"Run that by me again." Mama kakunja uso, kainamisha shingo. Maana: hajaelewa. Rudia polepole, usipige kelele.

Mnaona alivyofanya? Hakulitazama neno, alimtazama mtu. Wakati msomi wenu nikihangaika na kamusi, yeye alikwisha kugundua kwamba "run" haielezi chochote mpaka ujue mikono iko wapi. Huo ndio ujuzi, na naomba muuchukue hata kama mengine yote mtayasahau. Mgeni akisema jambo usilolielewa, usikimbilie kutabasamu na kusema "yes". Mtazame. Kisha usiku usipite hujaliandika, maana kesho utakumbuka neno na kusahau tumbo.

Madereva walikuwa na desturi yao. Pale kwenye geti la hifadhi, wakati mmoja wao yuko dirishani anahangaikia vibali na wageni wamekwenda chooni, waliobaki walikusanyika nyuma ya gari moja na kubadilishana maneno. Lilikuwa darasa bora kuliko langu, na chai ilikuwepo. Aliyenasa neno jipya alilisema, wengine wakaliandika, na kando yake wakaandika jina la aliyelinasa. "Hili la Sulle." "Hili la Paskali." Nilidhani ni utani wao tu.

Kuna siku niliomba kushuka kreta ya Ngorongoro na Paskali, nikasikie Kiingereza kikiwa kazini. Alinikaribisha mbele, wageni wanne nyuma. Mchana tulisimama kula karibu na bwawa la viboko, pale ambapo mwewe wanakunyang'anya kuku mkononi ukizubaa. Nilijitolea kugawa maboksi ya chakula. Likapungua moja. Msomi nikaona nafasi yangu imefika, nikasimama wima, nikatangaza kwa Kiingereza kwamba chakula chetu kimoja kime-"run away".

Wageni waligeuka wote kwa pamoja. Mzee mmoja akavua kofia akaanza kumfukuza mwewe asiye na hatia. Mkewe akatoa kamera.

Paskali aliweka boksi lake mbele ya mgeni asiye na chakula, akawaeleza kwa sentensi fupi kwamba tumepungukiwa, wasiwe na wasiwasi. Kisha akaniegemea.

"Mwalimu, chakula kikiisha ni 'out'. Ukiweka 'away' unakipa miguu."

"Nilijua," nikasema.

"Najua ulijua."

Alishinda na njaa mpaka jioni, na hakulitaja tena.

Saa tisa hivi redio ya gari ikakoroma. Dereva mmoja amemwona faru upande wa msitu wa Lerai. Tukaenda, tukamwona kwa mbali, mweusi kama jiwe lililoamua kutembea. Wageni wakampigia Paskali makofi: umetutafutia faru, wewe ni hodari! Nami nikategemea atapokea sifa, maana sifa za namna hiyo mwisho wa safari hugeuka bahasha ya bakshishi. Paskali akatikisa kichwa. Akawaonyesha gari lililokuwa mbele yetu, lenye turubai la bluu, akawaambia faru huyu ni wa yule mwenzangu, mpungieni mkono. Wote wanne wakapunga. Dereva yule akapiga honi ndogo, kisha akajishika mdomo kwa aibu, maana honi mle ndani ni marufuku.

"Kwani ungepungukiwa nini ukisema ni wako?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

"Ningempata leo," akasema. "Kesho redio ingenyamaza. Mtu akichukua faru wa mwenzake, hapa hakuna atakayemwita tena. Tunamwacha azunguke peke yake na vumbi lake."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani tunazungumza habari za faru.

Masika ya mwaka huo wageni walipungua na magari yakalala. Nilimwomba Paskali niazime daftari kwa wiki moja. Hakusita. Alilifuta vumbi kwa mkono wa shati akanipa. Nikalinakili lote kwenye kaunta buku mpya kwa wino wa rangi tatu. Nikalipangia vichwa: Run ya Mwendo, Run ya Mwili, Run ya Biashara, Run ya Mambo Kwisha. Safu ya katikati, ile ya wageni na mikono yao, niliiondoa. Niliona si ya kitaaluma. Majina ya walionasa maneno nayo niliyaondoa, nikijiambia kwamba yanachafua ukurasa.

Somo likapata sifa mpaka Arusha. Vijana walikuja kutoka Mto wa Mbu, kutoka Sale, mmoja alitoka Engaresero huko Ziwa Natron, akalala kwa shangazi yake miezi mitatu ili amsikilize mwalimu wa "run". Walifaulu mitihani yangu yote. Wakienda kazini wakakosea, nami nikawalaumu kwamba hawakusoma kwa bidii. Kumbe walikuwa na maana zote arobaini na mbili kichwani, na hawajui pa kutazama.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu nianze kuandika.

Paskali aliharibika mgongo. Barabara zetu mnazijua. Daktari alimwambia aache kuendesha ama atafute mgongo mwingine. Ikatokea kwamba chuo chetu kinahitaji mwalimu msaidizi, na Paskali akaomba nafasi hiyo. Barua aliiandika mwenyewe, mistari minne. Meneja wa chuo akaniita ofisini.

"Huyu mzee hana cheti chochote," akasema. "Lakini madereva wanamsifu. Nikuulize wewe unayejua. Ana mchango wowote katika masomo yenu haya?"

Kaunta buku langu lilikuwa mapajani. Nililiwekea mkono juu, kama mtu anayefunika sufuria.

"Hana," nikasema. "Ila ni dereva mzuri."

Hayo tu. Ningesema kweli, ningebaki mwalimu bila somo. Ndivyo nilivyohesabu pale kwenye kiti. Nafasi akapewa kijana mmoja mwenye cheti kizuri, aliyedumu muhula mmoja akaenda Dodoma. Paskali akafunga mkanda wa mgongo, akaweka mto kwenye kiti, akaendesha miaka sita mingine. Nilikuwa nikimwona anashuka garini kwa vipande, mguu mmoja kwanza, kisha anangoja, kisha wa pili. Kila nilipomwona nilikuwa na haraka. Sijui haraka ile yote nilikuwa naipeleka wapi.

Sulle alinikamata mara moja sokoni. "Mwalimu, yale maneno unayofundisha si ya Paskali yale?"

"Maneno ya Kiingereza ni ya Waingereza," nikamjibu, nikamgeukia mama wa nyanya na kumweleza kwa kirefu jinsi nilivyotafiti. Mama akaniongezea nyanya mbili ili niondoke.

Nimestaafu sasa. Mwezi uliopita akaja nyumbani Neema, katibu wa chama cha waongozaji wageni, dada mchangamfu, niliyemfundisha mwenyewe. Alikuwa na habari njema.

"Madam, tangu uondoke darasa halina mwalimu. Tumekaa kikao tukaamua, angalau vijana wawe na kitabu. Tumechukua kaunta buku lako uliloliacha chuoni, tumelichapa lote kwenye kompyuta. Ijumaa linaenda kiwanda cha uchapaji."

Akanionyesha jalada. Jina langu kwa herufi kubwa, na chini yake picha yangu ya mahafali, nikiwa na nywele ambazo sasa hazipo.

"Limebaki ukurasa mmoja tu," akasema. "Shukrani. Uandike unamshukuru nani. Usizidishe Madam, wewe unapenda kuzidisha."

Nikachukua kalamu. Nikamshukuru Mungu. Nikawashukuru wazazi wangu, Mungu awarehemu. Nikamshukuru mume wangu, ambaye hajui hata maana moja ya "run" na ameishi vizuri tu. Kisha kalamu ikasimama. Neema alikunywa chai yake yote, akaongeza nyingine, akaanza kutazama simu.

"Neema," nikasema, "una namba ya Mzee Paskali wa Rhotia?"

"Yule wa mgongo? Ninayo. Unataka kumwalika uzinduzi?"

"Nipe tu."

Alipoondoka nilikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Nilipiga. Ikaita kwa muda mrefu mpaka nikaanza kushukuru. Kisha ikapokelewa, na nyuma yake nikasikia watu wanapura maharage, fimbo zinashuka mojamoja.

"Shikamoo Mzee Paskali."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi Mwalimu. Wa Karatu."

"Ahaa! Mwalimu! Leo huna haraka?"

Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Nikamweleza yote kwa mkupuo. Daftari, kaunta buku, kitabu, Ijumaa. Nilipofika kwa meneja nikapunguza sauti. "Aliniuliza kama una mchango. Nikasema huna. Ile nafasi uliikosa kwa ajili yangu, Mzee."

Fimbo za maharage zilizidi kushuka. Nikadhani simu imekata.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "ofisi ile ukuta wake si wa mbao?"

"Wa mbao."

"Na nje si kuna benchi?"

"Lipo."

"Basi. Nilikuwa nimekaa pale nasubiri jibu. Nilisikia 'hana'. Halafu nikasikia 'ni dereva mzuri'. Nikasema, angalau hilo la pili kapatia."

"Miaka yote hii unajua?"

"Sasa nikuambie saa ngapi? Kila nikikuona unapita kama ambulensi."

Nikamwomba msamaha. Niliomba kwa Kiswahili, na sentensi zangu hazikupangika. 

"Mgongo ulinitesa, Mwalimu. Sitakuongopea. Kuna asubuhi mke wangu alinifunga viatu. Lakini mgongo ni mgongo. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshajiandaa. Nilishona suruali ya kufundishia."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Haya, hicho kitabu," akaendelea, "kina jina la nani?"

"Langu. Lakini nitaweka lako. Kama hutaki, nita..."

"Nani kakwambia sitaki? Weka. Liwe la kwanza, na ukoo usiukate, ni mrefu lakini karatasi ni ya kwenu. Na la Sulle liwekwe kwenye maneno yake. Zile za mikono umeziandika vizuri?"

"Zipi?"

"Safu ya katikati. Mgeni kafanyaje, kashika wapi."

Nilitazama kuku wangu wakivuka ua. "Hiyo niliiondoa, Mzee."

"Uliiondoa?"

"Niliona si ya kitaaluma."

Kwa mara ya kwanza nilimsikia Paskali amekasirika. Aliiweka simu kando akawaambia wapura maharage jambo kwa Kiiraqw, refu kiasi, na wote wakacheka. Kisha akarudi kwangu.

"Kwa hiyo umeiba, na ulichoiba umekiharibu."

"Ndiyo."

"Mpigie huyo binti wa chama. Mwambie Ijumaa hakuna kitabu. Daftari langu lipo, nitakwenda nalo mwenyewe, liandikwe upya kutoka kwangu. Umesema darasa halina mwalimu?"

"Halina."

"Sasa linaye. Naanza Jumatatu saa mbili. Mgongo wangu hauna shida na kusimama, shida yake ni makorongo. Nawe utakuja."

"Nije kukusaidia kufundisha?"

"Kufundisha?" Akacheka mpaka akakohoa. "Utafuta ubao, Mwalimu. Mimi nikiinua mikono juu kiuno kinalalamika. Na njoo na chaki, siwaamini wale wa ofisini."

Akakata simu kabla sijajibu. Nilimpigia Neema kwanza, kisha nikavaa viatu nikaenda dukani.